Kulainisha mashine za machimbo ya kokoto: grisi gani, kiasi gani, na wapi

Machimbo ya kokoto huzitesa mashine kwa kila namna kwa wakati mmoja. Mzigo ni mzito na unakuja kwa vishindo, jua linachoma kutwa, vumbi halikatiki, na masika yakianza tope linaingia kila penye upenyo. Hata hivyo, mitambo mingi huendeshwa kwa ndoo moja ya grisi: ndiyo ya pini za ekskaveta, ndiyo ya beringi za krasha (mashine ya kupasua mawe), ndiyo ya mota za umeme, ndiyo ya patasi ya nyundo. Ndoo hiyo moja inaua beringi nyingi. Kila sehemu ya mashine ina kinachoitesa zaidi, iwe mzigo, joto, kasi, vumbi au maji, na kilainishi huchaguliwa kwa kutazama hilo kwanza.

Maelezo haya ni ya fundi na msimamizi wa mtambo wenye krasha ya taya, krasha ya koni, chekeche la kutetemeka na ekskaveta yenye nyundo ya haidroliki. Kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti na yaliyo hapa, fuata kitabu.

Kinachotokea kati ya chuma na chuma

Chuma kilichong'arishwa vizuri bado kina vilima vidogo visivyoonekana kwa macho. Beringi inapozunguka, oili huvutwa kati ya rola na njia yake ikatengeneza utando ambao mara nyingi haufiki unene wa mikroni moja. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Utando ukizidi urefu wa vile vilima, chuma hakigusi chuma, na kinachobaki ni ukinzani mdogo wa oili yenyewe. Utando ukiwa mwembamba kuliko vilima, vilele vinagongana, vinashikana kwa joto, kisha vinang'oka. Huko ndiko kulika.

Mjerumani Richard Stribeck alichapisha majaribio yake juu ya jambo hili mwaka 1902. Shafti ikizunguka polepole chini ya mzigo, msuguano huwa mkubwa kwa sababu vyuma vinagusana. Kasi ikiongezeka, utando unajengeka na msuguano unashuka. Kasi ikizidi sana, unapanda tena kwa sababu oili yenyewe inakinza. Kwa fundi wa machimbo maana yake ni hii: pini ya bumu (mkono mkuu) ya ekskaveta haizunguki kamwe. Inasogea nyuzi chache kwenda na kurudi chini ya tani nyingi, kwa hiyo utando kamili haujengeki hata siku moja. Hapo unene wa oili peke yake hauokoi kitu, viongezi ndivyo vinavyofanya kazi.

Viongezi vya mzigo mkubwa, vile ambavyo kwenye ndoo huandikwa EP, kwa kawaida vina salfa na fosforasi. Vilele vya chuma vinapogongana na kupata joto kali, viongezi hivyo huungana na chuma palepale vikatengeneza safu laini. Safu hiyo ndiyo inayokwanguka badala ya chuma, kisha inajengeka tena. Kwa kuwa inatumika na kuisha, grisi ya zamani yenye rangi nzuri bado inaweza kuwa imekufa nguvu. Molibdenamu disalfaidi, ile poda nyeusi, inafanya kazi kwa njia nyingine: ni kitu kigumu chenye tabaka nyembamba zinazoteleza moja juu ya nyingine, hivyo hubaki kati ya vyuma hata oili ikiwa imekamuliwa yote.

Hatua ya 1: Pima joto na andika kasi

Chukua daftari, pita kwenye kila beringi na kila giaboksi mashine ikiwa imefanya kazi kwa saa tatu au zaidi, na uandike joto la nje la nyumba ya beringi, mizunguko kwa dakika, na namba ya beringi. Kipimajoto cha infraredi hudanganya kwenye chuma kinachong'aa: husoma chini ya joto halisi. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa mahali pamoja na upime hapo kila siku.

Nyumba ya beringi kubwa ikisoma nyuzi 60 hadi 75 za Selsiasi katika mazingira ya nyuzi 35, kwa kawaida hakuna tatizo. Ikipita 90, simamisha na utafute sababu. Kinachosema zaidi ni mabadiliko. Beringi ya kushoto ikiwa 85 na mwenzake wa kulia 66, kwenye shafti ileile, kuna jambo, hata kama 85 yenyewe haitishi.

Joto halili utando peke yake, linakula na maisha ya grisi. Kanuni inayotumika kwenye beringi ni kwamba kila nyuzi 15 juu ya 70 hupunguza maisha ya grisi kwa nusu. Beringi inayofanya kazi kwa nyuzi 100 inataka grisi mpya mara nne ya ile ya nyuzi 70.

Hatua ya 2: Chagua uzito wa oili

Namba ya VG kwenye pipa la oili ni mnato wake, yaani uzito wake katika kutiririka, kwa kipimo cha sentistoksi kwenye nyuzi 40. VG 220 ina mnato wa 220 hapo, lakini beringi yako haifanyi kazi kwa nyuzi 40. Kwenye nyuzi 70 oili hiyohiyo ya madini imeshuka hadi karibu 50, na kwenye nyuzi 90 karibu 25.

Tuchukue beringi ya krasha ya taya, namba 22344: tundu milimita 220, kipenyo cha nje 460, upana 145. Ikizunguka mara 250 kwa dakika, hesabu ya kawaida ya beringi inaonyesha kwamba oili iliyomo inapaswa kuwa na mnato usiopungua 25 hivi kwenye joto la kazi ili utando ushike. Lengo zuri ni mara mbili ya hapo. Kwa hiyo grisi yenye oili ya msingi (oili iliyomo ndani ya grisi) ya 220 iko salama kwenye nyuzi 70, na inafika ukingoni kwenye 90. Sasa weka grisi ya kawaida ya magari yenye oili ya msingi ya 110: kwenye 70 inabaki na 29 hivi, na kwenye 90 inaanguka hadi 15. Beringi inaanza kugusana chuma kwa chuma, joto linapanda, oili inazidi kuwa nyepesi, joto linapanda tena. Beringi nyingi hufa hivyo mchana mmoja wa Februari, baada ya kwenda vizuri miezi yote ya baridi.

Jambo linalowapoteza wengi ni kuchanganya ugumu wa grisi na uzito wa oili. Namba 2 kwenye ndoo ya EP 2 ni ugumu wa grisi tu, yaani inavyosimama ukiigusa. Haisemi lolote juu ya mnato wa oili iliyomo ndani. Ndoo mbili zote za namba 2 zinaweza kuwa moja na oili ya 110 na nyingine ya 460. Muulize muuzaji karatasi ya maelezo ya bidhaa na utafute mstari wa mnato wa oili ya msingi. Asiyeweza kukupa karatasi hiyo, usinunue kwake.

Usizidishe pia. Mota ya umeme inayozunguka mara 1,500 kwa dakika haitaki oili ya 460; beringi itapata joto kwa kukoroga uji mzito. Oili ya msingi ya 100 hadi 150 inaitosha.

Hatua ya 3: Chagua grisi kwa kila mahali

Beringi za krasha ya taya: grisi ya lithiamu komplekisi au kalsiamu salfoneti, yenye EP, ugumu namba 2, oili ya msingi 220 hadi 460. Panapoingia maji mengi, kalsiamu salfoneti inashinda kwa sababu haisombwi kirahisi. Tazama pia namba ya jaribio la mipira minne, mzigo ambao mipira ya chuma inashikana na kuungana. Grisi nyingi za EP za lithiamu hutoa 250 hadi 315 kwa kilo-nguvu. Chini ya 250 usiipeleke kwenye krasha.

Pini na bushi (bomba fupi ambalo pini husogea ndani yake) za ekskaveta: grisi ya EP yenye molibdenamu asilimia 3 hadi 5. Usichukue grisi hiyohiyo kuipeleka kwenye beringi za mota. Kwenye kasi kubwa poda hiyo haina faida, na rola zinaweza kuteleza badala ya kubiringika.

Mota za umeme: nyingi hutoka kiwandani na grisi ya poliurea. Hapa pana mtego mkubwa. Poliurea nyingi zikichanganywa na grisi ya lithiamu, mchanganyiko unalainika na kutiririka nje ya beringi kama mafuta ya kula, au unakauka. Grisi ya udongo wa bentonaiti nayo haichangamani na karibu nyingine zote. Soma kibandiko cha mota. Kama ni lazima ubadilishe aina, fungua beringi, osha, kausha, kisha jaza upya. Kusukuma mpya ili itoe ya zamani hakutoshi.

Giaboksi zenye gia ya minyoo: gurudumu lake ni la bronzi, na salfa kali ya baadhi ya oili za EP hulishambulia joto likipanda. Tumia oili ambayo mtengenezaji ameitaja kwa gia za minyoo. Oili ikigeuka yenye vimetameta vya dhahabu, bronzi inaondoka.

Krasha ya koni inalainishwa kwa oili inayozunguka kutoka kwenye tangi, mara nyingi VG 150, na bushi zake pia ni za bronzi. Joto la oili inayorudi tangini liwe kati ya 40 na 55. Ikifika 60, punguza mawe na ukague kipozeo. Mara nyingi mapezi yake yamezibwa na vumbi. Huko Njombe asubuhi za baridi za Julai tatizo linageuka: oili ni nzito, pampu inaivuta kwa shida, na bushi zinakaa kavu. Washa hita ya tangi na uzungushe oili kwanza kabla ya kuwasha krasha.

Hatua ya 4: Zuia vumbi kabla ya kufikiria grisi

Mawe hayafanani. Ukipasua mawe ya matumbawe ya pwani ya Mombasa, vumbi lake ni la kalsaiti, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ina 3. Gneisi ya Lugoba ina kwatzi, ambayo ina 7, na inakwaruza hata chuma kigumu cha beringi. Chembe ya mikroni 5 inaingia kwenye utando wa mikroni 1, inashindiliwa kwenye njia ya rola na kuacha shimo. Kando ya shimo hilo chuma kinaanza kubanduka. Hakuna kiongezi kinachozuia hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha pampu ya grisi futa nipeli (kichwa kidogo cha kupokelea grisi) kwa kitambaa safi, si kwa kidole na si kwa matambara yaliyolala chini. Sukuma tone la kwanza lidondoke kwenye kitambaa, kisha unganisha. Ukimaliza, acha nipeli na kofia ya grisi safi juu yake au kizibo cha plastiki. Ndoo ya grisi iliyo wazi karibu na krasha inakuwa ndoo ya msasa ndani ya nusu saa. Tumia makatriji, au pampu ya ndoo yenye mfuniko unaobana.

Kila aina ya grisi iwe na pampu yake, iliyopakwa rangi. Nyekundu kwa krasha, nyeusi kwa pini, bluu kwa mota, au rangi zozote mtakazokubaliana, ili mradi nipeli nazo zipakwe hivyohivyo.

Mapipa ya oili yalazwe chini ya paa. Pipa lililosimama nje hukusanya maji ya mvua juu ya mfuniko; usiku linapopoa hewa ya ndani inanywea na kuyavuta maji kupitia vizibo. Likilazwa, vizibo vyake viwili viwe usawa mmoja wa mlalo, kulia na kushoto, ili vyote vibaki chini ya oili. Oili mpya nayo si lazima iwe safi: ya haidroliki ipitishwe kwenye filta wakati wa kuijaza. Faneli iliyoning'inia ukutani bila kufunikwa ni mlango wa vumbi.

Hatua ya 5: Pima kiasi

Kanuni ya kuongeza grisi kwenye beringi: zidisha kipenyo cha nje kwa upana, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005. Jibu ni gramu. Kwa ile 22344: 460 × 145 × 0.005 = gramu 334 hivi, karibu katriji nzima ya gramu 400. Kwa beringi ya mota namba 6316, yenye kipenyo 170 na upana 39, ni gramu 33.

Sasa ijue pampu yako. Piga mara 20 juu ya mzani wa jikoni, gawanya kwa 20. Pampu nyingi za mkono hutoa karibu gramu moja kwa pigo, lakini zipo zinazotoa zaidi sana, na iliyochakaa hutoa kidogo. Andika namba hiyo kwenye mwili wa pampu kwa rangi.

Penye vumbi, kidogo mara nyingi ni bora kuliko kingi mara moja. Ikiwa kitabu kinataka gramu 334 kila baada ya saa 80, weka 33 kila zamu ya saa 8. Grisi inayotoka taratibu kwenye mifereji ya sili (vizibo vya kingo za beringi) ndiyo inayosukuma vumbi nje. Kwenye mota hali ni kinyume: fungua plagi ya kutolea grisi, weka kiasi kilichopimwa, endesha mota nusu saa plagi ikiwa wazi, kisha funga. Grisi ikizidi na plagi imefungwa, inaingia kwenye waya za mota.

Baada ya kupaka grisi, joto la beringi hupanda kwa saa kadhaa kisha hushuka. Lisiposhuka hadi kesho yake, umejaza kupita kiasi. Nyumba ya beringi inayojazwa upya iachiwe nafasi: theluthi moja hadi nusu ya uwazi wake inatosha.

Hatua ya 6: Pini za ekskaveta

Shusha ndoo ya ekskaveta ardhini, zima injini, na uachie shinikizo la haidroliki, ili pini isiwe imebeba mzigo. Pini iliyobebeshwa imebana bushi upande mmoja, na grisi itapita upande usio na kazi tu. Sukuma hadi uone grisi mpya ikitokeza pande zote mbili. Rudia kila zamu. Kwenye tope au maji, kila baada ya saa nne.

Usifute kola ya grisi chafu iliyozunguka kingo za pini. Inazuia vumbi. Ukiosha mashine kwa maji ya presha umeiondoa, basi paka grisi mara tu baada ya kuosha.

Grisi ikigoma kuingia, usilazimishe. Ng'oa nipeli, ijaribu ikiwa nje. Ikipitisha, tatizo ni njia iliyoziba kwa grisi iliyokauka. Pampu ya mkono hutoa shinikizo la mamia ya bar, na grisi iliyopenya ngozi kupitia mpira uliotoboka ni dharura, hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kwamba grisi imeingia chini ya ngozi. Kungoja hadi kesho kunaweza kumgharimu kidole au mkono.

Hatua ya 7: Nyundo ya haidroliki

Hapa ndipo hali ni kali kuliko kote. Patasi inapigwa mara mamia kwa dakika, inajaa joto, na grisi ya kawaida inayeyuka na kuchuruzika kwenye jiwe ndani ya dakika chache. Tumia pesti ya patasi, yaani grisi nzito yenye poda ya shaba na grafaiti. Oili yake inaungua, lakini poda inabaki ikitenganisha patasi na bushi.

Namna ya kuipaka ni muhimu kuliko aina yake. Simamisha nyundo wima juu ya jiwe au bamba la chuma, ikandamize kwa bumu hadi patasi ipande juu kabisa ndani ya nyundo, zima injini, kisha sukuma grisi hadi itokeze chini kati ya patasi na bushi. Ukipaka nyundo ikiwa imening'inia, patasi imeshuka na kuacha nafasi juu yake. Grisi inajaza nafasi hiyo. Pistoni ikishuka inaikandamiza grisi ambayo haina pa kwenda, na sili za nyundo zinapasuka. Rudia kila baada ya saa mbili za kupiga. Patasi ikitoka inang'aa kavu na yenye mistari, umechelewa, punguza muda.

Hatua ya 8: Soma dalili

Chukua grisi iliyotoka kwenye sili, ipake nyembamba kwenye karatasi nyeupe juani. Vimetameta vya fedha ni chuma cha beringi. Pitisha sumaku chini ya karatasi uone vikisogea. Vya dhahabu ni bronzi au kizimba cha shaba (fremu inayoshika rola), na sumaku haivivuti. Chembechembe zinazokwaruza kati ya vidole ni vumbi, na sili yake ni ya kubadilishwa. Grisi iliyogeuka nyeusi na ngumu, yenye harufu ya kuungua, imekaa kwenye joto muda mrefu. Rudi kwenye hatua ya 1 na ya 2.

Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji. Kama ni yenye shaka tu, dondosha tone kwenye bamba lenye joto la nyuzi 150 hivi ukiwa umevaa miwani: likipasukapasuka kwa mlio, maji yamo. Likitulia na kufuka moshi kidogo, kama yamo ni machache mno kwa jaribio hili.

Kwa giaboksi na krasha ya koni peleka sampuli maabara kila baada ya saa 250 au 500. Ichukue oili ikiwa moto na inazunguka, mahali palepale kila mara, kamwe si kutoka chini ya tangi ambako uchafu umelala. Silikoni na aluminiamu zikipanda pamoja, ni vumbi la mawe: kagua kipumulio cha tangi na sili. Chuma kikipanda peke yake, gia au beringi inalika. Shaba na bati zikipanda pamoja, au shaba na risasi, bushi ya bronzi inaondoka, na una muda wa kuagiza nyingine kabla haijashika shafti.